Kidari cha Meko: Habari za Jiko Katika Nyumba za Mawe za Lamu

Walioandika juu ya nyumba za mawe za Lamu wamesema mengi, na mengi ya hayo ni ya manufaa. Wameeleza nakshi za milango, wamehesabu zidaka za ndani, wamepima kuta na kuchora ramani za vyumba. Lakini jiko hupata mstari mmoja, pengine nusu yake: kwamba liko juu, limeezekwa kwa makuti, basi. Ni kana kwamba watu wa nyumba zile waliishi kwa kuzitazama sahani za kaure zilizopangwa ukutani, wala hawakupata kulia chakula ndani yake. Kusudi la makala haya ni kukieleza chumba hicho kilichoachwa nyuma: mahali kilipowekwa na sababu zake, watu waliokitumikia, na yanayokipata sasa nyumba hizo zinapotengenezwa upya.

Jambo hili si la udadisi mtupu. Katika nyumba ya kale jiko ndilo hubadilishwa kwanza. Mtu asiyethubutu kugusa kidaka kimoja kwa kuogopa kuharibu kazi ya mafundi wa zamani hulivunja jiko asubuhi moja, akidhani kuwa hapo hapana historia ila masizi. Nami nathubutu kusema kwamba mahali pa jiko katika nyumba ya Kiamu hapakuchaguliwa kwa bahati, na kwamba mtu akilihamisha bila kufikiri hulegeza nyumba nzima, tena kwa maana ya mawe na boriti hasa, si kwa maana ya mila peke yake.

Nyumba kubwa za Mkomani, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Aingiaye kutoka njiani hupita dakani, penye mabaraza ya mawe huku na huku, kisha tekani, ndipo hutokea kiwandani, yaani uwanja mdogo ulio wazi kwa juu. Mbele ya kiwanda ipo misana miwili, msana wa tini na msana wa yuu (Waamu husema tini na yuu pale ambapo wengine husema chini na juu), baada yake ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati pamoja na choo. Vyumba hivi ni virefu na vyembamba, navyo vimelala sambamba, kwa kuwa upana wake haukuamuliwa na matakwa ya mwenye nyumba bali na urefu wa boriti: mita 3 hivi, au pungufu. Kadiri mtu azidivyo kuingia, sakafu hupanda kidogo na mwanga hupungua, hata afike mahali pasipo dirisha la kutazama nje. Huko ndani ndiko kwenye zidaka za chokaa iliyochongwa, na ndiko nyumba ilikoficha mambo yake makubwa: kuzaa, kuosha maiti, na kukaa eda.

Jiko halimo katika safu hiyo. Lilikuwa juu kabisa, darini, likifikiwa kwa ngazi iliyopanda kutoka upande wa kiwanda, nalo likiitwa kidari cha meko. Jina hili lastahili kutazamwa kidogo. Dari katika Kiswahili ni sakafu ya juu au paa la mawe lililo sawa. Edward Steere aliliandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1870, pamoja na darini kwa maana ya juu ya nyumba. Kidari, basi, ni dari ndogo, wala msomaji asilichanganye na kidari cha mnyama, ambacho ni kifua. Ama meko, ni wingi wa jiko: ji-iko na ma-iko, kama jino na meno. Shina hilo ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Wakikuyu husema riiko, na huko kusini kabisa Waxhosa husema iziko, na katika lugha zote hizo maana ya kwanza ni mahali pa moto. Chumba cha kupikia ni maana iliyofuata. Kwa hiyo jina lenyewe la Kiamu halisemi "chumba cha kupikia". Lasema "dari ndogo ya mioto", na wingi huo una sababu yake, kwani nyumba ya watu wengi haikupika kwa moto mmoja.

Umbo lake lilikuwa jepesi ukililinganisha na nyumba iliyolibeba. Ukuta wa chini ulikuwa wa mawe, mara nyingi wa kimo cha kifua tu. Juu yake nguzo za miti, na juu ya nguzo paa la makuti. Kati ya ukuta na paa palikuwa wazi. Mafiga yalipangwa sakafuni, na kando yake vyungu, kaango, waya wa kuokea mikate, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kukamulia tui, kata na pawa za vifuu vya nazi. Hapakuwa na dohani, wala haikuhitajika, maana chumba kizima kilikuwa dohani. Moshi ulipanda katika makuti ukajipenyeza nje polepole, nao ulipopita ulifanya kazi nyingine ambayo wasanifu wa siku hizi huisahau: uliwafukuza wadudu. Makuti na fito zilizokolea masizi hukaa muda mrefu kuliko zile zisizopata moshi.

Sasa twaweza kuuliza kwa nini juu. Jibu la kwanza ni joto na moshi, nalo ni wazi kwa kila mtu. Nyumba ambayo vyumba vyake vya ndani havina madirisha ya nje haiwezi kuvumilia moto wa kuni chini, kwani moshi ungejaa msana na kuzitia weusi zile zidaka zenyewe. Jibu la pili ni hatari ya moto. Makuti yakishika moto darini, yataungua makuti. Chini yake ipo sakafu ya mawe na chokaa isiyowaka, na watu watapata nafasi ya kutoka. Jibu la tatu ni upepo, kaskazi na kusi, ambao darini hauzuiliwi na kuta za jirani. Jibu la nne ni sitara. Wanawake wa kiungwana walioishi kwa kujitenga na macho ya njiani walikuwa na mji wao huko juu. Palipokuwa na wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, waliweza kwenda kwa jamaa zao bila kukanyaga njia. Jiko lilikuwa katika mji huo wa juu, si katika ule wa chini ambao wageni waliuona.

Lipo na jibu la tano, nalo ni zito kuliko yote kwa fundi wa leo, ijapokuwa halionekani mpaka lisahauliwe: maji. Palipo na upikaji pana maji ya kuosha mchele, ya kuosha samaki, ya kusuuza vyungu. Katika kidari cha meko maji hayo yalimwagika juu ya sakafu ya chokaa iliyokuwa wazi kwa upepo, ikakauka siku ile ile. Hapakuwa na ukuta mrefu wa kuyanywa wala chumba kilichofungwa cha kuyahifadhi.

Lakini kila kilicholiwa kilipaswa kwanza kupandishwa. Maji yalitoka kisimani, kuni zilitoka njiani, nafaka zilitoka ghalani chini, na vyote vilipanda ngazi juu ya kichwa au mkononi mwa mtu. Kisha chakula kilishuka kwa ngazi zile zile. Mtu huyo alikuwa nani? Katika nyumba za waungwana wa karne ya 18 na ya 19 alikuwa mtumwa, na hasa mtumwa mwanamke. Si haki kuusifu ufundi wa kuweka jiko juu bila kutaja miguu iliyoulipia ufundi huo. Nyumba iliyopangwa hivi yadhania kwamba ipo mikono mingi ya kuchukua. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, amwonya asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Na mtu akiisimamisha nasaha hiyo katika ramani ya nyumba ataona jinsi inavyolingana na kuta. Bibi alikuwa na ndani yake, mtumwa alikuwa na mafiga yake, na ngazi ilikuwa kati yao. Zidaka zimesifiwa na washairi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizililia zidaka za Pate zilizogeuka matundu ya ndege, na kwa sababu hiyo kila msomaji wa Inkishafi huzijua. Waliosimama mbele ya mafiga hawakupata mshairi wa namna hiyo, na jiko lao ndilo karibu ushahidi wa pekee wa mawe na miti waliotuachia katika nyumba hizo.

Mwaka 1907 sheria iliondoa hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya. Mambo hayakubadilika siku moja, lakini mpango wa nyumba ulikuwa umepoteza nguzo yake isiyoonekana. Mikono ilipopungua, ngazi zilirefuka. Pole pole moto ulianza kushuka. Makaa katika seredani hayana moshi kama wa kuni, na seredani huchukulika, kwa hiyo iliwezekana kupika kiwandani. Baadaye likaja jiko la mafuta ya taa, na baadaye gesi. Sababu ya pili ilikuwa mirathi. Nyumba moja ikigawanywa kwa warithi, kila jamaa hutaka moto wake, na kidari kimoja hakiwatoshi. Ndipo yakazuka majiko madogo madogo chini ya ngazi, pembeni mwa kiwanda, hata ndani ya nyumba ya kati. Mengi ya majiko haya hayafikii upana wa mita 2, na ndiyo ambayo wenye nyumba wa leo hutaka kuyatengeneza.

Kazi ya kuchungua na kulinda mji ilianza kwa nguvu katika miaka ya 1970. Usam Ghaidan alitoa kitabu chake juu ya Lamu mwaka 1975. James de Vere Allen mwaka 1979 aliandika juu ya fikira na mila zilizojificha katika mpango wa nyumba ya Waswahili. Na mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walichapisha mpango wa hifadhi ya mji. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika miaka hiyo hiyo wageni walikuwa wakinunua nyumba za kale, huku Lamu na huko Shela, na nyingine zikageuzwa kuwa nyumba za kulala wageni. Hapo dari ikapata thamani mpya. Upepo na mandhari vilivyokuwa haki ya mpishi sasa vyatakiwa na mgeni, naye huwekewa viti na mito chini ya makuti mapya, na jiko huteremshwa chumba cha chini. Huku ni kugeuza nyumba juu chini, na pengine hufanywa chini ya bango lisemalo kwamba nyumba imerudishwa katika hali yake ya asili.

Tuangalie basi linalotokea jiko la sasa linapotiwa katika chumba cha chini cha nyuma. Ukuta wa matumbawe una unene wa nusu mita hivi, nao si mgumu kama jiwe la mlimani. Umejaa vitundu, na mawe yake hubeba chumvi ya bahari. Chokaa iliyoushika ni laini kuliko saruji, na kwa ulaini huo ukuta hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukuta hupumua. Sasa fundi huja na saruji, akaupiga lipu mpaka kimo cha kichwa, akabandika vigae, akatia karo na mfereji. Kwa macho kazi ni safi. Lakini unyevu utokao chini ya ardhi, pamoja na ule unaovuja kwenye maungio ya mabomba, hauna tena mlango wa kutokea mbele. Hupanda. Hupita nyuma ya vigae, ukafika juu ya saruji inapokoma, hapo chumvi huganda na kuitupa chokaa chini kwa vipande. Ukizidi kupanda hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani, na hapo ndipo penye msiba. Boriti ya mkoko ikikaa kavu yaweza kuishi kizazi baada ya kizazi. Kichwa chake kikikaa majimaji, huoza na kuwaita mchwa, huku katikati yake, mahali mtu awezapo kupaona, ikiwa bado nzima kabisa. Dari huanguka bila kutoa habari.

Gesi nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, na chumba cha nyuma kisicho na dirisha la nje ni kama kisima cha kuitekea. Kidari cha meko, kilicho wazi pande zote, kingeitawanya kabla haijamdhuru mtu.

Wengine, kwa kuyajua haya, huliacha jiko juu lakini hulitengeneza kana kwamba liko chini. Hujenga kuta za matofali ya saruji, humimina sakafu ya zege, na huweka pipa la maji la lita 1000 katikati ya chumba. Maji hayo peke yake ni kilo 1000, na katikati ndipo boriti ilipo dhaifu kuliko penginepo. Boriti zile zilikwisha kubeba mzigo mkubwa, kwa kuwa juu yake yamelazwa mawe, na juu ya mawe kokoto na chokaa, zikapigiliwa mpaka zikawa kitu kimoja. Neno hilo kupigilia lilikuwa na kazi yake maalumu katika ujenzi: watu walikaa safu wakiipiga sakafu kwa vipande, yaani vibao vyenye mpini, huku wakiimba, mpaka iwe ngumu na maji yasipenye. Leo neno limebaki katika kamusi, na wenye kuifanya kazi yenyewe ni haba.

Kwa maoni yangu, kidari kidogo cha meko chaweza kutengenezwa kwa matumizi ya leo bila kuvunja mpango wake, na gharama yake haizidi ile ya kuliteremsha jiko. Kwanza, boriti zifunuliwe vichwa na kuchunguzwa kabla ya kununua hata kigae kimoja. Zilizooza zibadilishwe kwa mti wa namna ile ile, wala zisitiwe chuma juu ya mti uliooza. Sakafu irudishwe kwa chokaa na kupigiliwa, nayo iinamishwe kidogo kuelekea mahali maji yatokapo. Pipa la maji, likiwa halina budi kuwapo, liwe dogo, tena lisimame juu ya ukuta au karibu nao kabisa. Mabomba yapite nje ya ukuta mahali yanapoonekana, maana bomba lililofukiwa huvuja mwaka mzima kabla halijajulikana. Meza ya kufanyia kazi iwe ya mbao, iondolewe inapotakiwa. Nafasi iliyo wazi kati ya ukuta na paa isizibwe, hata mpishi akilalamika kuwa upepo wa kusi humzimia moto. Kipande cha jamvi au ubao wa kukinga moto wa gesi chatosha. Na mwenye kupikia gesi chini ya makuti ajue kwamba amewaondolea wadudu moshi uliokuwa ukiwafukuza, kwa hiyo paa litataka kuezekwa mapema kuliko lile la bibi yake.

Nimeulizwa, na swali ni la haki, kama si ukatili kumpandisha mama wa leo ngazi zilizojengwa kwa ajili ya miguu ya watumwa. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuhifadhi ngazi kwa magoti ya mtu mwingine. Katika nyumba ambayo mwenyewe ndiye mpishi, tena ni mtu mzima, nakubali kwamba moto mdogo uwekwe chini. Lakini uwekwe kiwandani, mahali palipo wazi juu, usiwekwe ndani wala nyumba ya kati, na kuta zibaki za chokaa. Maji ya kuosha vyombo yashuke kwa mfereji wa wazi. Kidari kibaki juu kwa upishi mkubwa wa arusi, matanga na maulidi, ambao haungewezekana kiwandani hata hivyo. Lakini jiko linaloteremshwa ili mgeni wa wiki moja apate kutazama bahari halina udhuru huo, kwani katika nyumba kama hiyo wapishi ni watu wa mshahara, na kuwafungia chini penye giza na joto ni kuwarudisha mahali pabaya kuliko pale walipokuwa watumwa wa karne ya 18.

Limebaki jambo moja linalowahusu hasa wasomaji wa jarida hili. Wapimaji wa nyumba huandika "jiko" katika ramani zao, mahali popote walipoona moto, uwe darini, kiwandani au chini ya ngazi. Kwa ramani huenda ikatosha. Kwa lugha haitoshi hata kidogo, kwani msemaji wa Kiamu anaweza kutofautisha kidari cha meko na mahali penginepo pa moto, na tofauti hiyo haimo katika kamusi nyingi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na ile ya Sacleux ya mwaka huo huo zilikusanywa wakati wengi waliozaliwa kabla ya sheria ya 1907 walikuwa hai bado, na maneno ya upishi yaliyomo ni mengi. Ila yamepangwa kwa herufi, hayakupangwa kwa mahali, na msomaji hawezi kujua kutoka humo chombo gani kilikaa darini na kipi kilishuka. Yafaa basi kila nyumba itakapofunguliwa kwa matengenezo, atangulie mtu mwenye daftari, apande juu pamoja na wanawake wa nyumba ile, aandike jina la kila kitu mahali kilipo: kila ukingo wa ukuta, kila shimo la kutokea maji, kila mti wa paa uliokolea masizi. Kazi hiyo ni ya siku moja, nayo ifanywe kabla fundi hajafika na nyundo yake.